Chungu cha Wakwe na Mdomo wa Ojangole

Mwaka 1964 habari zilienea kijijini Kiyeyi, karibu na Tororo, kwamba Ojangole, fundi baiskeli, ameokoka. Ushahidi ulikuwa mmoja tu: tangu mavuno hajagusa mrija wa pombe. Walokole walikuja kumpa mkono na kumwomba atoe ushuhuda Jumapili. Ojangole aliwashukuru, akawazibia pancha zao, na hakushuhudia lolote.

Hakuwa ameokoka. Alikuwa anauogopa mdomo wake.

Ilianza siku ya mavuno, wazee saba wamezunguka chungu cha ajon, ile pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Ojangole alikuwa akifyonza kwa amani, macho kwenye povu, mara kichwa chake kikamwambia: Puliza. Kwa Wateso, anayepuliza ndani ya chungu cha watu ni afadhali angewatemea usoni. Wajukuu zake wataitwa wajukuu wa mpulizaji. Akaaga kwamba tumbo linamsokota. Tangu hapo, kila alipolikataza lile wazo, nalo lilizidi kumzoea. Hata kazini lilimfuata. Mtu ambaye kutwa anatia magurudumu upepo alianza kuitazama pampu kama mtuhumiwa mwenzake.

Alijificha hivyo miezi mitano, na angeendelea, kama binti yake Adeke asingepata mchumba upande wa Kenya. Wakwe walileta habari: wangekuja Jumamosi kuzungumza mahari. Na desturi ni kwamba mwenye mji huonja kwanza. Asipoonja, wageni wataelewa kuwa pombe ina sumu au wao hawatakiwi. Watavuka mpaka kurudi kwao, na Adeke atabaki na mchumba wa kusimuliwa.

Ijumaa alimkuta mkewe, Akurut, akisuuza mirija.

“Mama Adeke, kesho mimi nitapuliza.”

“Utapuliza nini?”

Akamweleza yote. Akurut alicheka mpaka mrija ukamtoka mkononi.

“Miezi mitano! Na mimi nimekaa hapa nafikiri umepata mwanamke wa kilokole.”

“Usicheke. Labda ni shetani. Labda nachukia watu na sijui.”

“Uchukie nani? Wewe hata mbwa wa jirani unampisha njiani. Sikiliza, Baba Adeke. Kila mtoto niliyembeba kwenda kisimani, nikiinama tu, kichwa kinaniambia: mwachie aanguke. Watoto sita. Nani alianguka?”

Ojangole alifikiri kwa uaminifu wa fundi. “Hakuna.”

“Kwa Adeke niliogopa sana, hata mama yangu akanichotea maji mwezi mzima. Nilipomwambia kwa nini, akasema hata yeye wazo hilo lilikuwa linamjia. Linakuja palepale unapopenda, kwa sababu ndipo unapoogopa. Ni kama mbuzi wa jirani. Akikatiza uani, mwache apite. Ukimkimbiza na fimbo, ndipo anaingia kwenye mihogo.”

“Na likija kesho?”

“Litakuja. Likaribishe. Wewe kunywa.”

Jumamosi wakwe walifika. Ecweru, baba wa kijana, alikaa mkabala na Ojangole, koti limefungwa vifungo vyote. Akurut akamimina maji ya moto, povu likapanda. Mirija yote ikangoja hewani.

Ojangole alishika wake kwa mkono wa kulia, akautia mdomoni. Puliza. Wazo halikuchelewa, lingeweza kuifundisha treni ya Tororo kufika kwa wakati. Hakubishana nalo, hakuomba, hakutazama pembeni. Karibu, alisema moyoni, pita. Akafyonza. Puliza. Akafyonza tena. Lilirudi mara ya tatu, nalo likakuta anameza.

“Ni nzuri,” akasema, na mirija mingine ikashuka.

Jioni, maneno ya mahari yamekwisha na Adeke ameitwa kusalimia, Ecweru alimwinamia mwenyeji wake.

“Mkwe, pale mwanzo ulikawia. Ulikuwa unaomba?”

Ojangole, ambaye pombe ilikuwa imemlegeza ulimi, akamweleza ukweli.

Ecweru hakucheka. Aliutazama mrija wake, akalitazama povu, kisha akautoa mrija mdomoni polepole, kama mtu anayeweka yai chini.

“Mkwe,” alisema, “kwa nini umeniambia?”

“Ni mbuzi tu,” akasema Ojangole, akimsogezea chungu. “Mwache apite. Kunywa.”