Sakafu ya Samaki

Mimi ni fundi wa sakafu, na sakafu yangu haibonyei. Nimeshindilia vyumba vya watu Tanga, nikaja kushindilia nyua za Rosettenville, huku Johannesburg, mpaka mgongo ukapinda. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna kazi ya kumwaga changarawe mtoni, nje kidogo ya Joburg, sikuuliza maswali. Changarawe ni changarawe, nilijua.

Mto wenyewe ulizibwa zamani na ukuta wa bwawa la shamba. Mama aliyetuajiri, mtaalamu wa samaki, alitueleza kwamba changarawe inayoletwa na maji hunasa nyuma ya ukuta, na mtoni chini ya bwawa hubaki mwamba na tope. Samaki wa manjano wa huku hutaga kwenye changarawe. Baada ya kubembelezwa miaka, mwenye shamba alikubali kufungua lango la maji mvua za kwanza zikianza, ajaribu mara moja tu. Yakionekana mayai, lango litabaki wazi. Yasipoonekana, atalifunga na asisumbuliwe tena.

Tulimwaga siku tatu, maji yakiwa bado haba. Siku ya nne mama alikwenda mjini, akaniacha na mwenzangu, Mrundi mpole anayeishi Bellevue. Nikaitazama ile kazi: vilima na mashimo, mawe yamekaa hovyo hovyo. Niliona haya kweli. Nikatoa pimamaji, nikasawazisha, nikajaza mchanga kwenye mianya, tukashindilia kwa gogo mpaka likawa linadunda.

"Mzee, mama alisema tufanye hivi?" Mrundi aliuliza.

Nikamjibu kwamba mambo mengine fundi haambiwi.

Mvua zikaanza, lango likafunguliwa kabla mama hajarudi, na maji yakaifunika kazi yetu. Samaki wakapanda, wakubwa, wanang'aa. Wakafika kwenye sakafu yangu, wakaisugua kwa matumbo, wakarudi walikotoka. Ikawa hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwenye shamba alikuwa aje Jumamosi. Mama akaanza kujilaumu, kwamba pengine aliomba maji mapema mno. Akiwa amekaa ukingoni, akasema kama anayejisemea kwamba yai huhitaji kuzama katikati ya mawe, lijifiche, lipitiwe na maji.

Mianya yote niliijaza mchanga kwa mikono yangu.

Ningeweza kunyamaza, nani angejua? Mrundi asingenisema. Lakini yule mama alikuwa anakonda mbele yangu kwa kosa langu, na kwetu tunasema mficha uchi hazai. Nikamwendea, nikamweleza yote, hata habari ya pimamaji. Aliingia majini, akakanyaga, akarukaruka kidogo. Haikubonyea.

"Ni sakafu nzuri sana," alisema. "Sasa ibomoe."

Tuliingia na sururu na reki, maji magotini, baridi inauma. Mchanga ukaondoka na mkondo. Kila pigo liliniuma, maana ile kazi niliipenda, nisiseme uongo. Ijumaa jioni palikuwa pamevurugika kuliko mwanzo, na mama akasema basi, tupaache.

Jumamosi asubuhi samaki walikuwa hapo, wanatifua mawe kwa mikia mpaka maji yanachafuka. Mwenye shamba alisimama ukingoni, mikono mfukoni. Mama akasubiri samaki wasogee, akainama, akafunua mawe mawili matatu, akaniwekea kitu kiganjani. Mayai. Madogo, ya njano, kama punje za mtama.

Nikampelekea mwenye shamba mwenyewe. Akavaa miwani, akayatazama moja moja. Kisha akasema lango likae hivyo hivyo, akaenda kwenye gari lake.

Nilikaa chini kwenye majani yenye umande, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Raha niliyoipata sijawahi kuipata kwa sakafu yoyote.

Mwaka huu tumemwaga tena changarawe. Imekaa vilima na mashimo, na mikono inaniwasha kila nikiitazama. Pimamaji nimempa Mrundi, nikamwambia aikalie mpaka tumalize.