Fundi aliyekataa kukirudisha kidude

Saa tatu asubuhi, katika ofisi ya shule moja ya udereva, Mama Risasi anatandika kitambaa cheupe juu ya meza ya mhasibu, anailaza kompyuta kifudifudi, kisha anavuta kiti cha pili.

"Kaa hapa karibu," anamwambia mwenye mashine. "Nataka uone kila ninachogusa."

Mhasibu anacheka. "Mimi na mambo ya kompyuta wapi na wapi, mama? Nitaona nini?"

"Utaona mikono yangu. Hiyo inatosha."

Skrubu zinatoka moja moja na kupangwa kwenye kisahani. Feni imesongwa na vumbi zito kama pamba chafu. Fundi anaichokonoa kwa brashi, anapuliza, anaeleza kila hatua kwa sauti ya upole, kama daktari anayezungumza na mzazi mbele ya mtoto mgonjwa. Kabla ya kufunga, anaiinua mashine kuelekea mwanga.

"Humu ndani kuna vitu vilivyotoka nayo kiwandani tu. Hakuna mgeni. Umeridhika?"

Mhasibu anaitikia kwa kichwa, bila kujua hasa ameridhika na nini.

Mama Risasi ana miaka arobaini na minne, ni mke wa muuguzi na mama wa mabinti wawili. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya risasi ya kulehemu, ule uzi laini wa madini unaoyeyushwa kuunganisha nyaya. Alipoitwa kituo cha polisi kuhojiwa kuhusu kidude alichokikuta ndani ya kompyuta ya mteja, anasema, ofisa aliyesoma jina lake alikaa wima kwanza.

"Nikamwambia, tulia baba, hizi zangu haziui mtu."

Kabla ya kisa hicho alikuwa na karakana yake chini ya ngazi za jengo la zamani, chumba kisicho na dirisha lakini chenye wateja wa kumtosha. Leo hana karakana. Anabeba zana zake mgongoni, anawafuata watu maofisini na majumbani, na anapata chini ya nusu ya alichokuwa akipata. Wachache sana wanakubali mashine zao zilale kwake.

Yote yalianza na kompyuta ya wakili.

Wakili huyo, mwanamke wa makamo mwenye ofisi ya vyumba viwili, alikuwa akiwatetea wazazi wa kijana aliyeingia mahabusu akiwa mzima na kutolewa akiwa maiti. Kesi ilikuwa ikisuasua. Mashahidi wawili, waliokuwa seli moja na marehemu, walikuwa wamejitoa ghafla. Mmoja alihama mji. Mwingine alimwambia wakili kupitia mlango uliofungwa, "Mama, wamenitaja hadi jina la shule ya wanangu. Niache."

Majina yao yalikuwa hayajapelekwa mahakamani. Yalikuwa yameandikwa mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ya wakili, na kufungiwa kwa nenosiri alilolijua yeye peke yake. Katibu wake alianza kutazamwa kwa jicho baya. Mlinzi wa jengo naye alishukiwa, kwa sababu mlango wa ofisi ulikuwa umewahi kuvunjwa, ingawa hakikuibwa hata kikombe.

Katibu ndiye aliyeipeleka mashine kwa Mama Risasi. Malalamiko yalikuwa ya kawaida: betri inaisha upesi na mashine inapata joto.

"Ile mashine naijua, nilishaifungua kabla," anasimulia. "Nilipoitazama tu, nikaona skrubu mbili zimekwaruzwa kichwani. Mimi sikwaruzi skrubu. Nikasema, kumbe mwenzangu amenitangulia."

Ndani, pale waya wa kibodi unapoingia kwenye bodi kuu, kulikuwa na kidude kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kililehemiwa kwa ustadi ambao hata yeye anaukubali. Kazi yake, alivyoigundua baadaye, ilikuwa kunakili kila herufi iliyogongwa na kuirusha nje kimya kimya. Nenosiri, barua, majina ya mashahidi, vyote vilipita hapo kabla ya kufika kwenye kioo. Ulinzi wowote wa programu haukuweza kukiona, kwa kuwa hakikuwa programu.

Alikichomoa, kikaacha kurusha, akakiweka ndani ya kopo la chai lisilo na chai, akafunga karakana.

Kesho yake asubuhi, kabla hajawasha taa, wanaume wawili walikuwa wamesimama chini ya ngazi. Walivaa vizuri. Walimwamkia kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mna mashine?"

"Tunaulizia ile ya wakili. Umekuta nini ndani?"

"Vumbi."

Hawakucheka. Mmoja, yule mwenye sauti ya chini, alivuta kigoda akakaa bila kukaribishwa. Alimweleza kwamba hilo lilikuwa jambo la usalama wa nchi, kwamba kifaa kile kirudi mahali pake kama kilivyokuwa, mashine ipelekwe kwa mwenyewe, na maneno yaishie pale.

"Nikamuuliza, kibali cha jaji kiko wapi? Akanijibu, 'Kibali hakionyeshwi kwa fundi.' Nikasema sawa, basi kamwonyesheni mwenye mashine. Akatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililonitia baridi."

Walisema wangepita tena jioni.

Mama Risasi anakiri kwamba siku ile hakuwa shujaa. Alijifungia karakanani, hakugusa mashine yoyote. Alimpigia simu mumewe, aliyekuwa kazini wodini, akamweleza kwa mafumbo, maana hata simu yake alishaanza kuiogopa. Mumewe akasema, "Ukikirudisha, yule mama akija kuchukua mashine yake utamtazama wapi?"

Kabla ya adhuhuri alijifunga kanga, akaingiza kopo la chai kwenye kikapu, akaenda kwa wakili kwa miguu.

Wakili alikitazama kidude kwa muda mrefu. Hakukasirika, anasema fundi. Alilia. Kisha alimwita katibu wake, aliyekuwa amemshuku muda wote ule, akamshika mikono miwili akamwomba radhi. Baadaye alifungua kesi ya pili, ya kidude chenyewe, na kumwomba fundi awe shahidi.

Wanaume wale hawakurudi jioni. Waliokuja, siku chache baadaye, walikuwa maofisa wa leseni. Walikuta kasoro ambazo hazikuwahi kuonekana kabla: nyaya, hewa, upana wa mlango. Mwenye nyumba, mzee mwema aliyekuwa akimwita "mwanangu", alimwomba ahame kwa sauti ya kunong'ona.

"Sikumlaumu. Alikuwa ameogopa kuliko mimi."

Wateja nao waliingiwa na hofu, na hapo ndipo pigo lilipomuuma zaidi. Habari zilisambaa kwamba yupo fundi aliyekutwa na vifaa vya kupeleleza watu. Habari ikageuzwa kichwa chini miguu juu. Mwanamke aliyekuwa akimsalimia kila siku alivuka barabara alipomwona. Mteja wake wa siku nyingi alikuja kuchukua mashine yake kabla haijatengenezwa. "Siyo kwamba sikuamini," alimwambia, huku ameikumbatia kompyuta kifuani.

Kisha kukawa na kaka yake.

Kaka huyo ni fundi seremala, mkubwa wake kwa miaka sita, na ndiye aliyemlipia mafunzo ya ufundi. Bintiye aliwahi kurubuniwa na mtu aliyezungumza naye mtandaoni akajifanya msichana wa rika lake. Alipotea. Polisi walimpata akiwa hai kwa sababu walikuwa wakisoma kompyuta ya mtu yule bila yeye kujua.

Kaka aliposikia dadake amekwenda kutoa ushahidi dhidi ya serikali, alikuja nyumbani akakataa kukaa.

"Wasingechungulia, ningekuwa nimezika mwanangu," alisema. "Leo wewe unawafunga macho?"

"Kaka, kwa yule mtu, jaji alitia sahihi kibali. Kulikuwa na sababu, kulikuwa na mtu wa kuulizwa. Kwa huyu wakili, nani alitia sahihi?"

"Mtu asiye na la kuficha anaogopa nini?"

"Choo chako kina mlango. Unaficha nini?"

Siku nyingine wangecheka. Kaka alitoka akaacha mlango wazi. Waliendelea kukaa hivyo, hawapigiani simu, hawatembeleani. Mama yao alipolazwa walipishana kwenye mlango wa wodi kama watu wa foleni moja.

"Najua maumivu yake," anasema Mama Risasi. "Yule mtoto nilimbeba mgongoni. Sikatai serikali isake wahalifu, na mhalifu hapigiwi hodi. Lakini lazima awepo mtu wa kuikatalia. Kama kila mtu anaweza kuingiliwa na hakuna wa kuulizwa, basi hata yule aliyemuua kijana mahabusu anaweza kukaa nyuma ya kile kidude akasoma majina ya walioshuhudia. Ndicho kilichotokea."

Mahakamani alisimama kizimbani asubuhi nzima. Mwanasheria wa serikali alidai kwamba hakuna ushahidi kuwa kifaa kile ni cha serikali. Baada ya mapumziko, mwanasheria huyohuyo aliomba kifaa kikabidhiwe serikalini kwa sababu za usalama.

"Kama si chenu," jaji aliuliza, "mnarudishiwa nini?"

Ukumbi uliangua kicheko. Mama Risasi hakucheka, kwa sababu alikuwa anawatazama wazazi wa marehemu, na wao hawakucheka.

Hukumu ilisema kwamba kuweka kifaa cha aina hiyo bila amri ya mahakama ni kuvunja sheria. Haikumtaja aliyekiweka. Hakuna aliyefukuzwa kazi wala kushtakiwa. Kesi ya kijana bado inaendelea, lakini shahidi mmoja kati ya wawili, yule aliyeongea kupitia mlango uliofungwa, ameufungua na kukubali kurudi. Mama wa marehemu alimfuata fundi nje ya mahakama, akamkumbatia.

Je, anajuta?

"Najutia karakana. Najutia mabinti zangu kuulizwa shuleni kama mama yao ni jasusi. Ile safari ya kwa wakili siijutii."

Sasa amepata chumba kingine, kilichokuwa cha kinyozi, kando ya barabara yenye watu wengi. Alikichagua kwa sababu ya dirisha lake kubwa la kioo. Anataka meza ya kazi ikae palepale dirishani, ili mwenye mashine akae kando yake na mpita njia atazame akitaka.

Wiki iliyopita alikuwa anakwangua rangi ya ukutani aliposikia mlango. Kaka yake alikuwa amesimama pale na futi ya kupimia mkononi.

"Dirisha lina upana gani?"

"Salamu kwanza, kaka."

"Hujambo. Lina upana gani?"

"Sijambo. Pima mwenyewe."

Akapima. Akaandika kwenye kipande cha mbao, penseli akaichomeka sikioni. Hakugusia kesi, wala hakuomba radhi, na dadake hakuidai.

"Meza iwe ya watu wangapi?"

"Wawili, wakae bega kwa bega."

Alifika mlangoni akageuka, akalitazama tena lile dirisha.

"Nikuwekee na fimbo ya pazia?"

Mama Risasi anasema alilazimika kumpa mgongo na kuendelea kukwangua ukuta, ili sauti isimsaliti.

"Weka," alimjibu. "Nikiwa kazini nitaliacha wazi. Nikimaliza kazi nitalifunga."

Meza inatarajiwa mwishoni mwa mwezi. Rangi ameshanunua.