Mtoto Aliyeamka Kabla ya Ng'ombe

Usinibinulie mdomo, Neema. Wewe mke wa mjukuu wangu umeiuliza simu kwa nini mwanao anaamka alfajiri, simu ikakwambia ufunge mapazia, umefunga, na bado anakodoa macho gizani. Sasa nisikilize mimi niliyeishia darasa la saba.

Nilipokuwa mtoto, kwetu Nkoma, mdogo wangu Petro aliamka hivyohivyo, kabla jogoo hajawika. Haumwi, hana njaa, analia tu, uso kaugeuzia mlangoni. Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Mama alimbembeleza mpaka kukacha, halafu akaenda shambani macho mekundu. Siku moja alisinzia akisonga ugali, mtoto mgongoni, akauinamia moto. Nilimvuta kwa kitenge huku napiga kelele, mpaka bibi, mama yake baba, akatoka nyumbani kwake mbio.

Hakumgombeza mama. Alimtazama Petro, akasema, "Huyu ni Maduhu."

Maduhu alikuwa babu yetu, marehemu. Enzi zake aliamka gizani akakamue mwenyewe. Hakumwamini mtu na chuchu za ng'ombe wake. Na kwetu Wasukuma, mtoto akilia bila sababu, kuna mzee anadai jina lake.

"Mama, mtoto amebatizwa," baba akalalamika.

"Padri kampa jina la kanisani. La zizini kampa nani?"

Kesho yake alfajiri bibi alimpeleka zizini, mimi nyuma na kibuyu. Akamwaga maziwa kidogo chini, akakiamkia kile kitoto kwa heshima zote: "Mwangaluka, mzee. Ng'ombe wako hawa, hakuna aliyeibwa. Ila mkamwana wako amechoka. Mruhusu alale."

Mtoto kimya, anatazama ndama. Bibi akamgeukia baba, aliyekuwa akikamua. "Umesikia? Amesema alale."

"Mimi sijasikia kitu."

"Wewe hata alipokuwa hai ulikuwa humsikii."

Tangu hapo kila alfajiri bibi alikuja kumchukua, eti mzee akakague ng'ombe wake. Mama akalala mpaka jua linaingia ndani. Jina lenyewe hakuthubutu kulitamka, ni la mkwewe. Alimwita mwanawe "baba" mpaka akaota ndevu.

Aliacha kuamka? Hakuacha upesi. Aliacha kulia, na mama akarudisha nyama mashavuni.

Mimi masamva, wazee wetu waliotangulia, nawaamini, wala siombi ruhusa kwa mtu. Lakini nami nimekuwa mkamwana. Enzi zile mke aliyelala jua limetoka, na mama mkwe yuko macho, angeitwa mvivu mpaka vijiji vya mbali. Bibi angemwambia tu "lala", mama asingelala, aibu ingemwamsha. Amri ya mkwe marehemu ndiyo iliyomlaza. Nadhani bibi alilijua hilo vizuri sana, na bado maziwa yale aliyamwaga kwa moyo wake wote.

Neema alikuwa ameacha kubinua mdomo. Kichwa kilimwanguka kifuani, akakiinua, kikaanguka tena.

"Mlete huyo," nikamwambia. "Anadai jina la nani, tutamuuliza baadaye."

"Bibi, hapa Bariadi mjini zizi utalipata wapi?"

"Jirani ana mbuzi. Lala."

Nikambeba mtoto, nikatoka, nikafunga mlango.