Malaika Asiyekuwamo

Thora Jorgensen hakuwa mtu wa kushindwa kwa Maandiko, na hilo alilijua mwenyewe kabla hujamwambia. Pale Manassa, mji mdogo wa Wamormoni, ukianza mstari ukakwama, Thora alikumalizia, akakutajia na sura, kisha akakuangalia kwa huruma kama aliyekuopoa kisimani. Wanawake wa darasa lake la Jumapili walimpenda na kumwogopa. Mumewe Helaman, aliyewahi kuwa askofu wa kanisa lao na ambaye kusifu hakukuwa fani yake, alisema siku moja kwamba Thora angezaliwa mwanamume wangemwachia mimbari. Alidhani anamsifu.

Msimu wa viazi Thora alifanya kazi ghalani, kwenye mkanda wa kuchambulia, na upande wa pili wa mkanda alisimama Petrita Ruybal wa Conejos, Mkatoliki wa kufa na kupona, rozari mfukoni mwa aproni. Mikono ilichambua viazi, midomo ikachambua vitabu, miaka nenda miaka rudi.

"Ninyi mna vitabu saba vya ziada," Thora alianza. "Biblia imewatosha wenzenu wote, ninyi tu mmeona haijajaa."

"Biblia tumeitunza sisi, babu zako wakiwa bado wanaabudu miti," Petrita alimjibu, akitupa kiazi kilichooza. "Na ninyi mmetoa saba mkatia vitatu vyenu. Hesabu ya wapi hiyo?"

"Vyetu vimefunuliwa."

"Basi funua macho, viazi vinakupita."

Wenzao walicheka, na wao wakacheka. Ugomvi ule ulikuwa na utamu wake kwa sababu hakuna aliyepoteza kitu. Kisha Arlo, mwana wa Thora, akamwoa Celsa, binti wa Petrita. Walifunga ndoa kwa hakimu, maana halikupatikana kanisa la kuwatosha wote, na mchezo ukaishia hapo.

Mtoto wao alizaliwa macho yamevimba, yanatoka usaha, hayafunguki. Daktari alitia dawa akasema wasubiri. Petrita hakuweza kusubiri. Alipiga magoti mbele ya sanamu ya Malaika Rafaeli, yule mwenye samaki mkononi, aliyemponya mzee Tobiti upofu, akaweka nadhiri: mtoto akiona, ataitwa Rafaeli. Celsa, mwili bado unamuuma, aliitikia amina. Siku hiyohiyo Helaman alifika na kichupa chake cha mafuta yaliyowekwa wakfu, akampaka mtoto utosini na kumwombea. Juma halijaisha macho yakafunguka, meusi, yanafuata mwanga wa dirisha. Kila upande ukashukuru kwa njia yake, na daktari wa watu hakupewa hata kuku.

Tatizo ni kwamba Helaman naye alikuwa na jina lake. Mtoto wa kwanza wa Helaman na Thora aliitwa Moroni, jina la malaika aliyemwonyesha nabii wao kile kitabu chao. Moroni alifia vitani ng'ambo, akarudishwa katika sanduku walilokatazwa kulifungua. Mbele ya sanduku hilo Helaman aliapa kwamba mjukuu wa kwanza wa kiume atalibeba jina. Thora hakuapa kitu, lakini alitaka vilevile. Alitaka kulisikia likiitwa tena uani, na mtu aitikie.

Jumapili moja familia zote mbili zilikula chakula cha mchana kwa akina Jorgensen. Thora alioka nyama na mikate, akatengeneza na jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo Petrita aliikagua kama kitu kilichofia sahanini. Petrita alileta sufuria ya mchuzi wa pilipili mbichi, ambao Helaman alionja mara moja akanywa maji glasi nzima. Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari.

"Baba," Celsa akamwambia Helaman, "mtoto atabarikiwa kanisani kwenu na kupewa jina huko. Nimekubali, na ubatizo nitaongea na mume wangu baadaye. Ninachoomba ni jina tu. Tumeweka nadhiri."

"Jina lake Moroni," Helaman akasema bila kuinua macho.

"Huyo Moroni ndiye nani?" Petrita akadakia. "Tangu nibatizwe nasomewa Biblia, sijawahi kukutana naye."

Hapo Thora akawashwa. "Na Rafaeli umekutana naye wapi, mkwe? Biblia ile pale. Nionyeshe."

"Yupo kwa Tobiti."

"Tobiti hayumo."

"Hayumo kwako! Mmemtoa wenyewe, halafu mnaulizana yuko wapi!"

Ulimi hauna mfupa. Thora angeweza kunyamaza mlo ule wote, na hakunyamaza. "Mimi nimesoma Maandiko yetu yote," akasema, "Biblia na vingine vyote, kila mwaka, mstari kwa mstari. Malaika Rafaeli hayumo popote. Nadhiri kwa malaika asiyekuwapo haimfungi mtu. Ni sawa na kumwekea nadhiri paka."

Alitegemea mtu acheke, kama ghalani. Celsa alisimama.

"Mama, mwanangu alipokuwa hafungui macho, mimi nilikuwa naongea na paka?"

"Sikusema wewe..."

"Umesema." Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa Arlo, na Arlo alimwachia, uma bado mkononi, mdomo wazi kama mlango wa banda. "Nakwenda kwa mama. Nitarudi siku mwanangu atakapoitwa Rafaeli na watu wa nyumba hii. La sivyo msinitafute."

Wakaondoka na sufuria yao.

Arlo alienda Conejos mara kwa mara akarudi peke yake. Alikonda. Celsa hakumfukuza, alimpa mtoto ambebe, akampa na chakula, kisha akamuuliza, "Anaitwa nani?" Arlo akawa anasema baba yake hivi, baba yake vile. Basi Celsa alimchukua mtoto na kumfungulia Arlo mlango. Thora alisikia yote hayo akajifariji kwamba haki iko upande wake. Mwenye haki, alijiambia, hana sababu ya kulala vibaya. Alikuwa akilala vibaya.

Zamu ya kufundisha habari za wafu ikamfika. Asubuhi moja aliketi jikoni na kile kitabu cha mafunuo ya nabii wao, akafungua ukurasa anaoujua kuliko kiganja chake, ule unaosema wafu wetu hawajapotea. Tangu Moroni afe alikuwa akiukimbilia huo kama mwenye jino linalouma anavyokimbilia karafuu. Kila mara macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye maneno ya wafu, yakaruka mengine. Asubuhi hiyo alisoma polepole kwa sababu alikuwa amechoka. Mbele kidogo nabii anataja sauti za malaika waliosikika. Mikaeli. Gabrieli. Na Rafaeli.

Alisoma tena. Akavaa miwani nyingine akasoma tena. Rafaeli alikaa palepale kwenye mstari, katika kitabu chao wenyewe, na wino haukuonyesha dalili yoyote ya kumwonea aibu. Thora aliona joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Alikumbuka paka. Alitamani ulimi ule ungekatwa kabla ya mlo ule.

Alimfuata Helaman kwenye zizi la kondoo, kitabu mkononi.

"Yumo," akamwambia.

"Nani?"

"Rafaeli. Humu. Tazama."

Helaman aliendelea kumnyonyesha mwanakondoo kwa chupa. "Limetajwa jina tu. Hakuna habari zake."

"Kumbe ulijua?"

Mzee akaiinamia chupa, asimtazame.

"Helaman! Ulijua, ukaniacha niseme yale mbele ya mtoto wa watu?"

"Sikukutuma useme." Sauti yake ilikwaruza. "Nilimwahidi mwanangu mbele ya jeneza lake, Thora. Funga hicho kitabu."

"Na mimi ndiye niliyemzaa. Unafikiri silitaki jina lake?"

"Kama unalitaka, nyamaza."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kunyamaza kungempa jina la Moroni, labda. Celsa angechoka, Arlo angemwomba, mambo hulainika. Au Celsa asingechoka, na mtoto angekua Conejos akijua kwamba bibi yake wa Manassa alimwita malaika wake paka. Thora alizunguka na swali hilo mpaka mchana, akawasha gari akaenda.

Petrita alikuwa jikoni akichoma pilipili, moshi unawasha macho. "Kahawa?" akauliza, akijua vizuri kwamba Wamormoni hawanywi.

"Nimekuja kusema nilikosea." Thora akafungua kitabu kwenye meza yenye unga, akaweka kidole. "Huyu hapa. Rafaeli. Kwenye chetu."

Petrita alifuta mikono, akainama, akasoma, kisha akasimama wima, amechukia kuliko Thora alivyotegemea. "Kwa hiyo sasa malaika wangu ana cheti? Amekuwapo tangu enzi za Tobiti, leo ndiyo anaruhusiwa kwa sababu mtu wenu alimtaja juzi juzi? Hicho si Maandiko, mkwe. Hata mwizi anajua majina ya majirani. Toa kitabu kwenye unga wangu."

Thora alikipangusa kitabu unga. Alikuja na ukweli mkononi, na ukweli wenyewe haukukubalika kwa sababu ya jalada lake. Miaka yote ghalani hakuwahi kujua kwamba hivi ndivyo inavyouma.

"Mama," Celsa alisema kutoka mlangoni, mtoto begani, "mimi sijauliza ni kitabu gani." Akamgeukia Thora. "Ulisema mbele ya watu. Utasahihisha mbele ya watu?"

"Nitasahihisha."

"Hata mbele ya baba?"

Thora alikifunga kitabu. "Mlete Jumapili," akasema.

Jioni ile alimweleza Helaman kila kitu. Helaman alisikiliza, akainuka, akaenda kulala. Jumapili alivaa tai yake nyeusi, ile ya mazishi.

Kanisa lilijaa. Petrita alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, ameshika rozari wazi mkononi ili kila mtu aione. Ulipofika wakati wa kubariki watoto, wanaume wa familia walisimama mbele wakafanya duara: Arlo, Helaman, mashemeji wawili na askofu wa sasa, kila mmoja mkono mmoja chini ya mtoto, wa pili begani mwa mwenzake. Arlo alianza sala vizuri. Alifika pale panaposema, jina atakalojulikana kwalo duniani ni, akanyamaza.

Watu walifumba macho wakingoja. Thora hakufumba. Aliona midomo ya Helaman ikicheza karibu na sikio la mwanawe, na aliijua ile namna midomo inavyofungwa kwa M. Arlo alitokwa na jasho. Mtoto akaanza kulia. Celsa, kwenye benchi la mbele, alikuwa ameshashika mkoba wake.

Kwao mwanamke hasemi wakati wa duara lile. Thora alisimama.

"Rafaeli," akasema. Macho yakafumbuka kanisa zima. "Nilimwambia huyu binti malaika huyo hayumo kwenye Maandiko yetu. Yumo. Nimewafundisha ukurasa huo mara nyingi, na mimi ndiye sikuuona. Sema, Arlo. Ni Rafaeli."

"Rafaeli," Arlo akasema, karibu apige kelele.

Helaman aliutoa mkono wake chini ya mtoto. Aliutoa taratibu, kama anayechukua kitu chake, akashuka akapita katikati ya mabenchi bila kumtazama mtu, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mashemeji walisogeleana wakaziba pengo. Arlo alimaliza sala huku analia, maneno mengine hayakusikika. Aliposhuka, Celsa alimpokea mtoto akamweka mapajani mwa Thora, akaketi kati yake na Arlo, na mkoba akauweka chini.

Ibada ilipokwisha Arlo aliondoka na mkewe na mwanawe kwenda nyumbani kwao, na Thora akabaki uwanjani. Pale walipoegesha gari asubuhi palikuwa na alama za matairi tu. Wanawake wa darasa lake walipita wakimsalimu haraka haraka, kila mmoja amekumbuka kitu jikoni.

Gari kuukuu la Petrita lilisimama mbele yake.

"Panda. Ila hicho kitabu kikae nyuma na magunia."

"Kinakaa na mimi."

Petrita alimtazama, akafungua mlango. Walikwenda hadi nje ya mji. Kisha Thora akasema, akitazama mashamba, "Nimemzika mara mbili, mkwe. Hakuna tena atakayeitwa Moroni."

Petrita alipunguza mwendo. Alibadilisha gia.

"Sisi tunawaombea wafu," akasema mwishowe. "Imeandikwa kwenye kimoja cha vile vitabu saba usivyovitaka. Jumapili naweza kumpa padre jina, alitaje misani. Ukikataa sitakasirika."

Thora alifungua mdomo. Alikuwa na hoja, na sura, na mstari.

"Mtaje," akasema. "Moroni Jorgensen. Mwambie alitamke vizuri."