Sindano na Sauti Isiyomfikia

Katika chumba cha washonaji, yeye ndiye aliyeitwa Sindano, na jina alilipata kwa haki. Sindano ikianguka sakafuni upande wa pili wa chumba, cherehani zote zikiwa zinanguruma, yeye aligeuka na kuonyesha ilipoangukia. Sifa hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Maana alikuwa ameshapewa barua mbili, zote kutoka kwa msimamizi, zote zikisema jambo moja: mfanyakazi huyu huitwa na haitiki, ana kiburi. Ya pili iliongeza kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Ya tatu ingemwaga unga wake, na baada ya miaka kumi na minne kwenye cherehani ile, kazi nyingine hakuijua wala hakuitaka.

Msimamizi alikuwa na kifua kama pipa na sauti ya kutikisa vioo. Washonaji wengine walimsikia akiwa bado ghalani. Sindano yeye alimwonea huruma. Alidhani maskini baba wa watu ana koo bovu, kwani kila alipomtazama aliona midomo inahangaika na sauti inatoka kidogo tu. Basi alimsoma midomo, akamalizia mengine kwa kukisia, na hakuwahi kumwaibisha.

"Unasikia sindano, hunisikii mimi?" msimamizi alimuuliza siku moja mbele ya wote. Lilikuwa swali zuri sana, na hakuna aliyejisumbua kulitafutia jibu.

Akapelekwa zahanati kupimwa. Muuguzi alisimama nyuma yake akanong'ona: "Sita. Sabini na saba. Tisa." Sindano akazirudia zote kama mtoto anayetaka zawadi. Muuguzi akaandika kwamba masikio ni mazima, na kwa ukarimu wake akaongeza kwamba tatizo huenda ni tabia.

Aliyemwokoa ni mumewe, mwashi mpole mwenye sauti nzito, ambaye tangu waoane alikuwa akimgusa bega kwanza ndipo aseme. Aliisoma barua ya pili mara mbili.

"Mama yangu unamsikia akiwa jikoni," alisema. "Wifi zako unawasikia, watoto ndiyo usiseme. Sisi wenye sauti za chini ndio hatusikiki. Mke wangu, mimi nilidhani umenichoka tu."

Sindano alilia. Kesho yake wakaenda hospitali kubwa.

Huko alivishwa vipokea sauti vya masikioni, akaambiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Milio myembamba aliikamata yote. Mizito ilipita, naye ametulia akingoja ianze. Mtaalamu wa masikio akamwonyesha mchoro.

"Wengi hupoteza sauti nyembamba kwanza, mchoro unateremka. Wako unapanda. Ni nadra, mama. Na mnong'ono ni sauti nyembamba tupu, ungekugunduaje?"

Akamweleza kwamba hata radi haimfikii sawasawa. Sindano, ambaye maisha yake yote aliwacheka watu wanaoshtuka kwa sababu ya mwanga wa radi tu, aliutazama tena mchoro. Alipewa kifaa cha sikioni kilichopangwa kukuza sauti nzito, na onyo asikubali kirekebishwe kama vya wengine, kingemzidishia kelele anazozisikia tayari. Akapewa na barua ya kazini: mtu huyu asemeshwe uso kwa uso.

Jumatatu msimamizi aliisoma, akaikunja, akasema hakuna neno, kazi iendelee. Sindano alikaa kwenye cherehani yake akiwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu.

Saa nne, akiwa ameinamia kola, sauti nene ilipita nyuma yake, taratibu, ya mtu anayerudia jambo alilolizoea.

"Haya, gogo letu leo limevaa hereni."

Chumba kikacheka kidogo. Kicheko hicho Sindano alikijua vizuri. Kwa miaka alikuwa akikisikia na kucheka nacho, asije akaonekana hana ucheshi.

Akasimamisha cherehani. Akamgeukia shoga yake wa kiti cha pili, aliyekula naye kila mchana.

"Tangu lini ananiita gogo?"

Shoga yake aliangalia uzi. "Tangu alipokuja, dada. Miaka sita."

Msimamizi akakohoa, na hilo pia Sindano alilisikia.