Chati ya Mawingu

Nilipokuwa msichana wa miaka kumi, kazi yangu shuleni ilikuwa kuhesabu mawingu. Wengine walipewa zamu ya kufagia, wengine ya kuchota maji, mimi nikapewa mbingu. Nilijiona nimependelewa, na kwa kweli nilipendelewa, maana Mwalimu Mutiso hakuficha kwamba mimi ndiye mwanafunzi wake wa kutegemewa.

Hiyo ilikuwa miaka ya shifta, waasi wa Kisomali waliokuwa wakipigana na serikali ya Kenya. Sisi watu wa mashariki ya Garissa tulikuwa tumekusanywa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa uzio wa miba, na askari langoni. Mifugo ilitakiwa kulala ndani na kuchungwa karibu, mahali askari wanapoiona. Ngamia aliyekutwa mbali alihesabiwa kuwa wa shifta, na mwenye ngamia vilevile. Lakini karibu na kijiji hapakuwa na jani lililobaki, na mizoga ilikuwa imetapakaa mpaka tulizoea harufu yake.

Mwalimu alikuwa kijana mrefu kutoka Ukambani, Mkristo, mwenye Kiswahili cha haraka ambacho tulikifuata kwa mbio. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha bati. Vitabu vilikuwa haba, akasema basi tutasoma kitu kisichoweza kuisha. Akaokota kioo cha pembeni cha lori bovu, akakigawa vipande vinane kwa mistari ya rangi, akakilaza mchangani. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri tulikiinamia na kuhesabu: mawingu yamefunika vipande vingapi? Ni yale membamba ya juu sana, au yaliyotandazwa, au yale mazito yanayopanda wima na kuleta mvua? Mkebe wa mafuta ya kupikia uliowekwa juu ya kigogo ulipima mvua, nayo haikunyesha. Kila kitu kiliandikwa kwenye chati kubwa ukutani, na mwisho wa mwezi Mwalimu alinakili tarakimu zetu akazituma Nairobi kwa watu wa hali ya hewa.

"Huko wana vyombo," alituambia, "lakini hawana macho huku. Macho yao ni nyinyi."

Maneno hayo yaliniingia, nikatembea nayo wiki nzima nikiwa nimeinua kichwa hata penye miba.

Bibi yangu, tuliyemwita Ayeeyo, yaani bibi kwa Kisomali, hakuipenda kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Kwa imani yake, wingu la mvua halionyeshwi kwa kidole wala halitajwi mahali lilipo mbele ya mtu wa nje. Ukilionyesha, mvua yake inanywewa na wengine, na watu wako wanabaki na kiu. Yeye mwenyewe alipotaka ulione wingu aliinua kidevu kidogo tu, na ilikuwa juu yako kuelewa. Siku moja alijifunga shuka yake akaenda mpaka mlangoni mwa darasa, akamkabili Mwalimu kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwalimu, mfua haiandikwi. Kalamu yako nabeleka mfua mbali."

"Mama, sisi tunaangalia tu. Kuangalia hakufukuzi kitu."

"Angalia. Lakini nyamaza. Mdomo ndio nafukuza."

Mwalimu alicheka kwa adabu. Mimi nilicheka bila adabu, na nilipofika nyumbani nikala kofi moja la haki.

Chati ya Mwalimu ilikuwa na safu nne: tarehe, saa, aina ya wingu, na kiasi. Mimi, mtoto wa wafugaji, niliona mara moja kilichokosekana. Umeme wa mbinguni haukuwemo. Baba yangu alikuwa amefariki, nikalelewa na mdogo wake, Dahir, niliyemwita adeer, naye akiniita adeer, kwa sababu kwetu mkubwa humrudishia mtoto jina lile lile la udugu. Kila jioni baada ya sala ya magharibi alikaa nje akitazama ukingo wa mbingu. Umeme ukimulika alijua uko upande gani, uko chini au juu, na ukirudi jioni tatu mfululizo mahali pamoja, alijua huko maji yamesimama na majani yanakuja. Alinifundisha hayo kwa sababu hakuwa na mtoto mwingine wa kumfundisha. Nikamwomba Mwalimu safu ya tano.

"Habiba," alisema, "hii haimo hata kwenye kitabu changu!"

Nikaichora mwenyewe, kwa rula na wino mwekundu. Sijawahi tena kujivunia kitu namna ile, hata cheti cha ualimu.

Basi ikaja jioni moja, Adeer na mimi tumekaa nje, umeme ukamulika kusini-mashariki, chini kabisa. Ilikuwa jioni ya tatu. Aliinua kidevu tu, nami nikaitika. Kesho yake ngamia wetu walitoka kuchunga na hawakurudi, na yeye hakurudi. Ayeeyo alimwambia askari wa lango kwamba ngamia wamekufa kwa njaa na mwanawe amekwenda Masalani kwa dada yake, na mwaka ule uongo huo uliaminika kwa urahisi. Sisi wa nyumbani tuliambiwa tusimtaje.

Sikumtaja. Niliandika tu kwenye safu yangu: kusini-mashariki, chini, jioni tatu, mvua imenyesha.

Siku chache baadaye akaja afisa mmoja na gari, kuangalia maendeleo ya shule, ndivyo alivyosema. Alipitia madaftari mawili matatu akionekana kuchoka. Kisha akasimama mbele ya chati.

"Na hii nyekundu ni nini?"

Mwalimu alijibu haraka kupita kawaida yake. "Michezo ya watoto tu, bwana. Haina maana yoyote." Na akaanza kung'oa pini za chati, eti imechakaa, alikuwa anataka kubandika nyingine.

Michezo! Nilihisi uso unawaka. Mwezi mzima nilikuwa nimesifiwa kwa safu ile, na sasa mbele ya mgeni inaitwa michezo. Nilisimama bila kunyoosha mkono.

"Ina maana, bwana," nikasema. Nikaenda ukutani, nikaweka kidole changu pale pale. "Umeme ukimulika hapa jioni tatu, mvua imeshanyesha. Maji yamejaa mabwawani. Ngamia wakifuata, siku tatu wamefika."

"Upande huu wa kusini-mashariki?"

"Ndiyo, bwana. Penye yale mabwawa mawili."

"Wewe ni msichana mwerevu sana," alisema, akaandika.

"Habiba, kaa," alisema Mwalimu polepole.

Ningependa kusema sikujua. Watu wazima wanapenda kusamehe watoto kwa neno hilo, na mimi mwenyewe nimewasamehe wengi. Lakini nilijua Adeer yuko wapi. Katikati ya maelezo yangu nilimkumbuka, nikamwona kabisa, na nikaendelea mpaka mwisho kwa sababu afisa alikuwa akinisikiliza.

Adeer alirudi siku ya nane, kwa miguu, bila ndara, bila ngamia hata mmoja. Midomo ilikuwa imepasuka. Alikunywa maji kwanza, ndipo akatueleza. Askari walimkuta bwawani, ngamia wakinywa. Wengine walipigwa risasi humo humo majini, waliobaki wakaswagwa. Yeye aliponyoka akalala chini ya kichaka tangu asubuhi mpaka jua likazama, akiwasikia.

"Walikuja moja kwa moja," alisema. "Hawakutafuta, wallahi. Walijua."

Ayeeyo hakulia. Alitutazama mmoja mmoja, kisha macho yake yakatua kwangu yakakaa.

"Nani alilionyesha lile wingu, ayeeyo?" aliniuliza.

"Mwalimu," nikasema.

Kabla ya alasiri neno lile lilikuwa limezunguka kijiji kizima. Wazazi waliwatoa watoto shuleni. Wanawake walimpa mgongo alipopita, na jiwe moja lilitua juu ya bati la darasa. Siku tatu alisimama mlangoni saa mbili kamili, akatazama njia, hakuna aliyekuja. Alijua vizuri nani alisema, alikuwepo. Hakunitaja kwa mtu yeyote. Nilikutana naye mara moja tu, penye foleni ya maji, nikatamani ardhi inimeze.

"Baba mdogo amerudi salama?" aliniuliza.

Nikaitika kwa kichwa.

"Basi vizuri," alisema, akachukua ndoo yake. Wiki hiyo hiyo aliondoka na lori la chakula, amekaa juu ya magunia matupu, na hakuna aliyempungia mkono. Nilisimama nyuma ya nyumba yetu mpaka vumbi likatulia.

Nami nikawa mwalimu. Nimefundisha jiografia Garissa kwa miaka mingi, na miaka ya mwisho nimewatoa wanafunzi uwanjani wapige picha za mawingu kwa simu, wapime kiasi, watume kwa wanasayansi wanaolinganisha na picha za setilaiti. Wanafurahi sana, hasa wakiambiwa kwamba kuna mtu mbali anayesubiri walichokiona. Nawaeleza kwamba kidole hakifukuzi wingu, na ni kweli hakifukuzi. Lakini siku hizi najiuliza kama Ayeeyo alikuwa anazungumzia mawingu hata kidogo. Alikuwa ameishi muda mrefu, na alijua kinachowapata watu maji yao yakijulikana. Nilichukua mtu aliyejaribu kunikinga, nikamtupia kosa langu, na hakuna hesabu ya umri inayoniondolea hilo.

Baada ya ngamia kuisha, Adeer alinunua mkokoteni wa punda kwa deni la ndugu, akauza maji mjini, akanisomesha kwa maji hayo. "Ngamia wangu sasa ni wewe," alikuwa akiniambia, akicheka, na mimi nilicheka naye. Alipozeeka nilimleta kwangu. Jioni moja, amekwisha kuwa mwepesi hata kumgeuza kitandani ilikuwa kazi ya mkono mmoja, nilimpelekea chai.

"Adeer," alisema, "nimewasamehe watu wote. Hata wale askari, walitumwa. Yule mwalimu tu. Kila nikijaribu, nashindwa."

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Nyumba ilikuwa kimya, hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia. Nilifungua mdomo.

"Kunywa, adeer," nikasema, "chai inapoa."

Akanywa. Alifariki Ijumaa iliyofuata, bado ana kinyongo na mtu asiyemkosea, na mimi ndiye niliyemshikia kikombe.