Vipande Vitatu vya Yurub

Msiniulize habari za Salah nikiwa na sufuria ya moto mkononi. Mimi Hinda nauza chai hapa mtaani Iftin, mlango wa pili kutoka kwa Yurub, msichana anayefundisha watu kompyuta, na yaliyompata niliyaona kwa macho yangu.

Ni baada ya yale mafuriko, mifugo inakufa kwa homa. Shirika moja la misaada likataka kujua wanyama waliobaki ni wangapi, lilete dawa ya kutosha. Nani awaambie? Kwetu mtu hataji idadi ya ngamia wake, hata mkewe haijui sawasawa. Kuna jicho la watu, na kuna serikali. Wafugaji waliitikia salamu, wakanywa chai yangu, wakanyamaza.

Yurub ndiye aliyepata njia. Kulikuwa na watu wa nchi za mbali wanaoandika pamoja programu za kulinda siri, bure, kila mtu ruhusa kuzisoma na kuongeza lake. Naye akaongeza. Programu yake ilichukua idadi ya mfugaji, ikaivunja vipande vitatu, kila kipande na kompyuta yake. Kipande kimoja peke yake ni takataka tupu. Kila kompyuta inajumlisha vipande vya watu wote, kisha majumlisho yanakutanishwa, na inatoka hesabu ya mifugo yote bila ya mtu yeyote kujulikana ana wangapi. Salah, mtoto wa ami yake, ndiye aliyepeleka disketi Nairobi ikatumwe huko. Siku habari ilipokuja kwamba kazi imekubaliwa, na jina la Yurub limewekwa, alinirukia shingoni nikamwaga maziwa. Wallahi, sikukasirika.

Ila jenereta za hapa mnazijua. Yurub aliogopa kompyuta moja ikiharibika kazi yote ipotee, akapanga vipande viwili vyovyote vikikutana vitoshe kutoa hesabu, iwe ya wote au ya mtu mmoja. Kompyuta moja akaweka kwake, moja ofisini kwa shirika, moja kwa Salah.

"Mbona Salah?" nikamuuliza.

"Abaayo, dada yangu, huyo ni damu yangu. Nisipomwamini yeye nimwamini nani?"

Wa kwanza kukubali alikuwa baba yake, mzee Maow, aliyekuja kutoka Habaswein. Yurub alimwapia kwamba idadi yake haitajulikana na binadamu yeyote, hata yeye. Mzee akabonyeza tarakimu mwenyewe, binti amegeukia ukutani. Wengine walipoona Maow amekubali, wakafuata. Jumla ikapatikana, dawa ikaja. Nilijivunia yule msichana kama nimemzaa mimi.

Kumbe! Haukupita muda, Salah akaonekana na funguo za gari la shirika. Nikasema, mashallah, kijana amepata kazi. Mjinga mimi! Siku shirika lilipogawa chakula, mkubwa wa ofisi yao akamsimamisha mzee Maow mbele ya watu, akamtajia ngamia wake kamili, hakuacha hata mmoja. Idadi hiyo hata mimi siitaji. "Mwenye mali yote hii anataka mahindi ya msaada?" akasema. Watu wakageuza nyuso. Mzee alishika fimbo yake, akatoka kwenye mstari.

Alikuja moja kwa moja kwa Yurub. Mimi nilikuwa pale na birika.

"Uliniapia."

"Aabo, programu haina kosa. Wameunganisha vipande viwili, cha ofisi na cha Salah. Salah amewapa."

"Salah?" Mzee alimtazama kana kwamba amemtukana. "Salah ni mtoto wa ndugu yangu. Nimemlea. Usimsingizie."

"Aabo, mimi ni binti yako!"

"Na ile mashine ni ya nani?"

Nikataka kusema, nikafungua mdomo, mzee akaninyooshea mkono ninyamaze. Yurub hakulia. Alichukua kikombe akamwekea babake chai, na mzee hakukigusa.

Chakula cha mchana siku hiyo mzee alikula kwa Salah.